Mkono wa kuchimbia kwenye trekta la zamani: mafuta yatoke wapi, na yarudi wapi?

Wakulima wa Kitui na Makueni hawahitaji kufundishwa kuchimba. Mashamba ya Makueni yalipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya kichaka cha mbung'o kufyekwa, watu walioingia walikuta ardhi isiyo na maji ya kutosha. Malambo yakachimbwa, mengine kwa mashine za serikali chini ya mpango wa ALDEV, na mengine kwa majembe na sururu za vikundi vya mwethya. Matuta ya fanya juu mnayoyaona leo kwenye miteremko yametengenezwa kwa mikono ya watu, wengi wao wakiwa kina mama.

Lakini kazi bado ipo. Kila boma lataka silanga yake. Kila bwawa la mchanga lataka msingi uliochimbwa mpaka ufike mwambani. Mvua za vuli hazimngoji mtu. Zikianza mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, shimo ambalo halijakwisha hujaa matope badala ya maji.

Ndiyo maana vikundi vingi vyenye trekta la zamani, kama Massey Ferguson 35, Massey Ferguson 135 au Ford 3000, huuliza neno hili: Je, tunaweza kununua mkono wa kuchimbia, ule ambao watu huuita JCB, tukaufunga nyuma ya trekta letu?

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Lakini wengi huanza mahali pasipofaa. Huuangalia mkono, huuangalia ukubwa wa ndoo, hutoa fedha, kisha ndipo huuliza mafuta yatatoka wapi. Yafaa kuanza na mafuta. Mkono wa kuchimbia hauna nguvu yake wenyewe. Nguvu yote ni ya mafuta yanayosukumwa kwa presha, na mafuta hayo lazima yatoke mahali, yafanye kazi, na yarudi yalikotoka bila kizuizi.

Trekta lako huinuaje plau?

Kwanza tujue trekta lenyewe lilivyo. Ukivuta wenzo wa kuinulia, pampu ya haidroliki husukuma mafuta kwenye silinda iliyo chini ya kiti. Silinda huisukuma mikono miwili ya nyuma, na plau huinuka. Kazi hiyo hukwisha kwa muda mfupi sana. Plau likiisha kuinuka, pampu hupumzika mpaka mwisho wa shamba, utakapogeuka tena.

Katika Massey Ferguson 35 na 135 pampu hiyo imo ndani kabisa ya tumbo la trekta, chini ya mafuta. Mafuta yenyewe ni yale yale yanayolainisha giaboksi na meno ya ekseli ya nyuma. Tena vali inayotawala mambo iko upande wa kunyonya. Wenzo ukitulia, pampu hainyonyi, na kwa hiyo haisukumi kitu. Ni mpango mzuri sana kwa plau. Harry Ferguson, aliyeubuni utaratibu huo wa mikono mitatu na haidroliki, alikuwa akifikiria mkulima anayelima, hakuwa akifikiria mtu anayechimba silanga.

Mkono wa kuchimbia una desturi nyingine. Una mkono mkubwa, mkono mdogo, ndoo, silinda za kuugeuza kushoto na kulia, na miguu miwili ya kusimamia. Kila kimoja kina silinda yake. Dereva huvuta wenzo huu na kusukuma ule kwa saa nyingi bila kupumzika. Katika mikono mingi ya zamani, wenzo zote zikitulia mafuta hupita katikati ya sanduku la vali na kurudi kwenye tangi, yakizunguka tu bila kazi. Pampu hailali kamwe.

Basi hapa pana vitu viwili ambavyo havikuumbwa pamoja. Kimoja husukuma kidogo na kulala. Kingine hutaka kusukumiwa mchana kutwa.

Maswali matatu kabla ya kutoa fedha

Swali la kwanza: Mafuta kiasi gani kwa dakika? Hiki ndicho kipimo cha mwendo. Pampu ya ndani ya matrekta hayo madogo, ikiwa bado nzima, hutoa kadiri ya lita 10 mpaka 17 kwa dakika. Mikono midogo ya kuchimbia kwa kawaida hutaka lita 20 mpaka 40.

Tufanye hesabu ili ionekane wazi. Chukua silinda yenye upana wa ndani wa sentimita 7.5 na mwendo wa sentimita 50. Ili ifunguke yote yahitaji mafuta lita 2.2. Kwa pampu ya lita 12 kwa dakika, utangoja sekunde 11. Kwa pampu ya lita 36, utangoja chini ya sekunde 4. Tuseme kila ndoo moja ya udongo yataka miendo sita ya namna hiyo: kushusha, kukata, kukunja, kuinua, kugeuka, na kumwaga. Kwa pampu ndogo kila ndoo itachukua zaidi ya dakika nzima. Kwa pampu kubwa itachukua sekunde 22 hivi.

Sasa tazama silanga ya urefu wa mita 15, upana wa mita 5, na kina cha mita 2. Hiyo ni mita 150 za ujazo. Ndoo ikibeba lita 50, ni ndoo 3,000. Kwa pampu kubwa ni saa 18 za kazi. Kwa pampu ndogo ni saa 55, na dizeli yake. Tena udongo ukichimbuliwa huumuka, kwa hiyo ndoo zitazidi hizo.

Swali la pili: Presha kiasi gani? Hiki ndicho kipimo cha nguvu. Presha hupimwa kwa bar. Mikono midogo mingi hufanya kazi kwa bar 140 mpaka 180. Silinda tuliyoitaja juu, ikipewa bar 150, husukuma kwa nguvu ya zaidi ya tani 6. Nguvu hiyo hukata murram, na pia huweza kupasua mpira, kukunja chuma, au kung'oa sili ikiwa kitu kimoja katika mzunguko hakikuwekwa sawasawa. Kwa hiyo kila kitu, yaani pampu, mipira, viungo na vali, lazima kiweze kuvumilia presha kubwa kuliko ile utakayoitumia.

Swali la tatu: Mafuta yarudi wapi? Swali hili ndilo linalosahauliwa, na ndilo linaloharibu mashine. Mafuta yakitoka kwenye silinda yanataka njia pana na wazi ya kurudi kwenye tangi. Njia ikiwa nyembamba, mafuta hupata moto. Njia ikizibwa kabisa, kwa mfano kiungo cha kuchomeka kikiwa hakikuingia vizuri, presha hurudi nyuma na kung'oa sili za vali mara moja.

Njia ya kwanza: kutumia mafuta ya trekta lenyewe

Matrekta mengi ya zamani yana mahali pa kutolea mafuta kwenye mfuniko wa haidroliki, karibu na kiti. Fundi huweza kufunga mpira hapo na kuupeleka kwenye sanduku la vali la mkono. Njia hii ni rahisi kwa fedha, na yafaa kwa kazi ndogo, kama kuinua trela la kumwagia mchanga. Kwa mkono wa kuchimbia ina kasoro nne.

Kwanza, mafuta ni machache kwa dakika, kama tulivyoona.

Pili, silinda za mkono hujaa mafuta yanayotoka tumboni mwa trekta. Zikifunguka zote, kina cha mafuta ndani ya giaboksi hushuka. Ukisimama mtelemkoni, pampu inaweza kunyonya hewa.

Tatu, uchafu. Kila kiungo kinachofunguliwa shambani huingiza vumbi, na kila silinda ya zamani huingiza maji na mchanga kupitia sili zilizochakaa. Katika njia hii uchafu huo huenda moja kwa moja kwenye meno ya giaboksi na ekseli. Mchanga wa Kitui ni mzuri kwa kuhifadhi maji, lakini ndani ya giaboksi ni msasa.

Nne, pampu ya ndani haikutengenezwa kwa kazi ya kutwa. Ikifa, kuitoa si kazi ya saa moja, kwa maana ni lazima tumbo la trekta lifunguliwe. Na ikifa Oktoba, plau haliinuki. Hapo hukupoteza mkono wa kuchimbia tu, bali umepoteza msimu wa kulima wa kikundi kizima.

Njia ya pili: pampu yake na tangi lake

Njia iliyo bora ni kuupa mkono wa kuchimbia pampu yake wenyewe, inayozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, ile ambayo mafundi huiita PTO. Pampu hii ina tangi lake, vyujio vyake na mafuta yake. Mafuta ya trekta na mafuta ya mkono hayakutani hata siku moja. Mkono ukiharibika, unaufungua, unauweka chini, na trekta linakwenda kulima.

Shafti ya nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika injini ikiwa kwenye mwendo ulioandikwa na kiwanda. Huo ni mwendo mdogo kwa pampu ya kawaida ya meno. Kwa hiyo kati ya shafti na pampu huwekwa giaboksi ndogo ya kuongeza mwendo. Ikiongeza mara tatu na theluthi moja, pampu itazunguka mara 1,800. Pampu inayotoa sentimita 20 za ujazo kwa kila mzunguko itatoa lita 36 kwa dakika.

Je, trekta dogo litaweza? Hesabu ni hii: zidisha lita kwa bar, kisha gawanya kwa 600. Lita 36 mara bar 150 ni 5,400. Gawanya kwa 600, unapata kilowati 9, yaani nguvu za farasi 12 hivi. Hata ukiongeza zile zinazopotea njiani, trekta la farasi 35 au 45 halitachoka.

Vitu vya kuwa navyo

Tangi lisiwe na mafuta pungufu ya yale yanayopita kwenye pampu kwa dakika moja. Kwa joto la Kibwezi au Mutomo, maradufu ni bora. Kwa pampu yetu ya lita 36, tangi la lita 60 au 70 lafaa. Liwe juu kuliko pampu, ili mafuta yashuke yenyewe. Liwe na mfuniko wenye tundu la hewa lenye kichujio.

Mpira wa kunyonya, kutoka tangi mpaka pampu, uwe mnene na mfupi, na uwe na waya ndani usije ukajibana. Mpira mwembamba hapa huua pampu. Dalili yake ni pampu kulia kama filimbi na mafuta kuwa na povu.

Mipira ya presha iwe ya haidroliki hasa, wala si mipira ya maji. Mpira wa nusu inchi wenye tabaka mbili za waya huvumilia bar 275. Wenye tabaka moja huvumilia bar 160 tu, na hiyo haikuachii nafasi ya kutosha. Usoma maandishi yaliyopigwa chapa ubavuni kabla ya kununua.

Vali ya usalama ni mlango unaofunguka presha ikizidi. Usifanye kazi bila hiyo. Masanduku mengi ya vali yanayo ndani yake, lakini usiamini kwa macho. Funga geji ya presha, umwone fundi akiipima na kuifungia kwenye kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa mkono. Mtu akikuambia aikaze zaidi ili mkono uwe na nguvu, mkataze.

Chujio kiwekwe kwenye njia ya kurudi, kabla ya tangi. Kibadilishwe baada ya saa 50 za kwanza, kwa sababu mipira na silinda zilizokaa ghalani huja na uchafu mwingi.

Mafuta yawe ya haidroliki, namba 46 au 68. Usitie mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini. Mafuta ya bei rahisi yaliyojaa mabaki ya chuma yatakugharimu pampu.

Neno moja zaidi kuhusu vali. Si mikono yote iliyo ya namna moja. Ipo ambayo wenzo zikitulia mafuta hupita katikati, na ipo ambayo njia hufungwa kabisa. Hiyo ya pili ilitengenezewa matrekta yenye pampu inayojipunguza yenyewe, kama John Deere 4020. Ukiifunga kwenye pampu ya meno ya kawaida, mafuta yatapita kwenye vali ya usalama saa zote, na tangi litachemka. Muulize muuzaji swali hili, na ikiwa hajui, mpeleke fundi alitazame sanduku la vali kabla ya kulipa.

Kazi ya kufunga, hatua kwa hatua

Osha kwanza. Osha mkono, viungo na mahali pa kufungia, kisha ukaushe. Ziba kila mdomo ulio wazi kwa kitambaa safi au kizibo mpaka wakati wake ufike.

Tazama mzunguko wa pampu. Pampu ya meno huzunguka upande mmoja tu, na mshale umechorwa kwenye mwili wake. Ikizungushwa kinyume haisukumi mafuta, na sili ya shafti huweza kung'oka.

Ifunge pampu isizunguke. Kama imechomekwa kwenye shafti ya nyuma, mwili wake wote utataka kuzunguka pamoja na shafti. Uwe na mkono wa chuma au mnyororo madhubuti unaoushika kwenye trekta. Kinga ya shafti iwepo, na hakuna mtu kuvaa kanga, koti refu au skafu karibu nayo.

Funga mipira kwa utaratibu huu: tangi kwenda pampu, pampu kwenda mdomo wa kuingilia wa sanduku la vali, mdomo wa kutokea kwenda kwenye chujio, chujio kwenda tangi. Mpira wa kurudi uwe mnene kuliko ule wa presha, na uingie tangini chini ya kina cha mafuta, ili usipige povu. Katika njia hii ya kurudi usiweke kiungo cha kuchomeka wala koki. Kiungo cha skrubu ni salama.

Angalia meno ya viungo. Viungo vya Uingereza, vya Marekani na vya milimita hufanana sana kwa macho. Kikiingia kwa kulazimishwa, kitavuja au kitaruka. Usikazie kwa nguvu kitu kisichoingia kwa mkono mizunguko ya kwanza.

Chuma nacho kinahesabiwa

Mafuta yakiisha kupangwa, bado kuna jambo moja kubwa. Mikono mitatu ya nyuma ya trekta ilitengenezwa ivute plau na kuinua mzigo. Haikutengenezwa izuiwe wala isukumwe kutoka chini. Ndoo inaposhika mwamba, nguvu yote hurudi kwenye trekta. Trekta la miaka 50 laweza kupasuka mwili wake katikati, mahali bolti zinapouunganisha.

Tena kuna hatari iliyo mbaya kuliko hiyo. Mkono uliofungwa kwenye mikono mitatu tu waweza kuinuka na kujikunja kuelekea trekta, kwa sababu mikono ya kuinulia haizuii kitu kisisukumwe juu. Dereva anayeketi kati ya mkono na trekta hubanwa. Watu wamekufa kwa namna hii katika nchi mbalimbali.

Kwa hiyo usikubali mkono unaoning'inia tu. Yafaa iwepo fremu ya chuma inayotoka kwenye mkono, ikapita chini ya trekta pande zote mbili, na kushikwa kwenye ekseli ya nyuma na tena mbele karibu na ekseli ya mbele. Fremu hiyo hupokea nguvu, na mwili wa trekta hupumzika. Ichomelewe na fundi anayejua kazi, kwa chuma chenye unene wa kutosha. Ongeza uzito mbele ya trekta, maana mkono utaifanya pua kuwa nyepesi na usukani hautashika vizuri barabarani.

Siku ya kwanza

Usianze kuchimba siku hiyo hiyo. Jaza tangi. Washa injini kwa mwendo wa chini, uingize shafti ya nyuma taratibu, usikilize. Pampu ikilia, zima upesi uangalie njia ya kunyonya. Ikiwa imetulia, sogeza wenzo moja moja, bila mzigo, mpaka silinda zote zimefunguka na kufungwa mara kadhaa na hewa imetoka. Kisha kunja silinda zote, zima, na upime mafuta tangini. Yatakuwa yamepungua, kwa hiyo yaongeze, lakini usijaze mpaka mdomoni.

Baada ya nusu saa ya kazi nyepesi, shika tangi kwa kiganja. Ukiweza kuacha mkono wako pale bila taabu, vema. Ukiuondoa upesi kwa moto, simamisha kazi utafute sababu. Huenda njia ya kurudi ni nyembamba, au vali ya usalama inafunguka saa zote.

Mambo manne ya kukinga uhai

Usitafute uvujaji kwa mkono wako. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana dogo, na mwanzoni haliumi sana, lakini mkono huweza kukatwa baadaye. Tumia kipande cha kadibodi kutafutia. Mtu akipenywa, apelekwe hospitali saa ile ile, na mwambieni daktari kwamba ni mafuta ya haidroliki. Msingoje kesho.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, shusha ndoo na miguu chini, zima injini, kisha sogeza wenzo zote ili presha itoke.

Mtu asisimame ndani ya upeo wa mkono unapogeuka, wala mtoto asije kutazama karibu. Angalia pia nyaya za umeme juu, na mabomba ya maji chini.

Usiingie kwenye handaki lenye kina kuliko kifua chako kama kuta zake hazikuegemezwa kwa mbao au kulazwa mteremko. Katika mchanga wa mto, kuta huanguka bila kutoa onyo. Mashine huchimba upesi, na kwa sababu hiyo mtu husahau jinsi shimo lilivyokwisha kuwa refu.

Je, yafaa kweli kununua?

Pima kazi uliyo nayo. Kama ni silanga moja tu, kodi mashine. Uliza katika ofisi ya kilimo ya kaunti yako kama ipo ya kukodi, na bei yake kwa saa, kisha linganisha na hesabu ya ndoo tuliyoifanya hapa. Kama kikundi chenu kina wanachama ishirini na kila mmoja ataka silanga, na mbele yenu kuna mabwawa mawili ya mchanga, hapo mkono wenu wenyewe waweza kujilipa. Lakini katika bei ya mkono ongezeni bei ya pampu, giaboksi yake, tangi, mipira, fremu na kazi ya fundi. Mara nyingi vitu hivyo hukaribia bei ya mkono wenyewe. Anayesahau kuvihesabu ndiye anayeishia kuchomeka mpira kwenye trekta na kuomba Mungu.

Mkikusudia kuchimba katika mto, pateni ruhusa kwanza. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa kibali cha kujenga bwawa katika mto, na Makueni ina sheria yake ya kulinda mchanga, iliyopitishwa mwaka 2015. Bwawa la mchanga huweka maji ndani ya mchanga, mbali na jua, na ndiyo faida yake kubwa katika nchi ambayo jua huweza kunywa karibu mita 2 za maji ya silanga kwa mwaka. Huko Kitui, tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL na wananchi wamejenga mamia ya mabwawa hayo, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya mikono. Mkono wa kuchimbia hauondoi mwethya. Hufungua msingi tu, na watu ndio wanaobeba mawe na kujenga.

Basi, ndugu mkulima, siku muuzaji atakapokuonyesha ndoo yenye meno mapya na rangi ya kung'aa, usitazame ndoo. Muulize maswali matatu: lita ngapi kwa dakika, bar ngapi, na mafuta yarudi wapi. Andika majibu yake kwenye karatasi, umpelekee fundi wako, mkae chini mfanye hesabu pamoja na kikundi. Fanyeni hivyo Juni au Julai, wakati wa kiangazi, wala msingoje mawingu ya Oktoba. Ikiwa hesabu haikukubali, rudisheni fedha kwenye sanduku la kikundi na mkodi mashine. Trekta lenu litabaki zima, na mvua ikinyesha mtalima.